Uzi: Mnyauko ulinimalizia nyanya mara mbili. Nilivyoupika udongo wa kivungulio, na kosa lililourudisha ugonjwa

MkulimaBahati (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakulima. Niko Bahati hapa Nakuru, na kivungulio (nyumba ya nailoni ya kulimia) cha mita 8 kwa 15, nyanya tupu. Nimeulizwa kwenye nyuzi tatu tofauti nilivyousafisha udongo wenye ugonjwa nikajibu kwa mistari miwili miwili, na mistari miwili haitoshi. Leo nimekaa chini. Ni ndefu, vumilieni.

Msimu wa kwanza nilivuna hadi majirani wakaja kuuliza mbegu. Msimu wa pili, vishada vya kwanza vikiwa vimeshaanza kushika, niliingia saa saba mchana nikakuta miche minne karibu na mlango imelegea. Majani mabichi kabisa, hayana doa, hayajageuka manjano, ila yamelala kama mboga iliyomwagiwa maji moto. Jioni yakainuka. Nikasema ni jua. Siku ya tatu hayakuinuka tena. Baada ya wiki mbili mstari mzima ulikuwa chini, na ukiangalia vizuri ulikuwa unafuata mpira wa dripu (wa kumwagilia kwa matone), kutoka mlangoni kwenda ndani.

Nilienda duka la pembejeo nikauziwa dawa ya ukungu. Nikanyunyiza. Nikarudi nikauziwa nyingine ya bei zaidi. Pesa ikaenda na nyanya zikaenda. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja kuhusu mizizi, na hilo bado linaniuma, kwa sababu jibu lilikuwa linapatikana kwa glasi ya maji.

Fanyeni hivi kabla ya kununua chochote. Ng'oa mche uliolegea lakini bado mbichi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Jaza glasi ya kioo maji safi, ining'inize ile sehemu iliyokatwa iguse maji, ishikwe juu na kibanio cha nguo, halafu usiitikise. Mimi niliweka dirishani penye mwanga. Dakika ya tatu hivi uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba kama maziwa yanayodondoka ndani ya maji, ukafika chini ukajikunja. Huo ni usaha wa bakteria. Ukiuona, una mnyauko wa bakteria, Ralstonia, na hakuna dawa ya kunyunyiza majani itakayokusaidia. Anakaa kwenye udongo miaka, na anashambulia nyanya, viazi, hoho na biringanya.

Maji yakibaki safi lakini shina lina rangi ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja, hapo fikiria fusari, ambao ni ukungu. Na kama mizizi ina vinundu kama shanga ambavyo ni sehemu ya mzizi wenyewe, havibanduki ukivisugua, hiyo ni minyoo ya fundo, nematodi. Vile vya maharagwe vinavyobanduka ni vya kheri, usivichanganye.

Sasa, kuupika udongo, yaani kuua ugonjwa uliomo ndani yake. Nianze na nilichojaribu kikashindwa.

Nilirundika mabua ya mahindi juu ya matuta nikachoma. Moto ulikuwa mkubwa, lakini nilipochimba kwa mkono kiganja kimoja chini udongo ulikuwa wa baridi. Joto la moto wa juu linapanda, halishuki. Kilichobaki ni jivu, na jivu jingi linaharibu uchachu wa udongo. Nikamwaga maji ya kuchemka, sufuria baada ya sufuria. Yanapoa kabla hayajafika popote. Kuna aliyeniambia nimwage jiki. Hiyo sikufanya, na nashukuru: jiki ni nzuri kwa kuosha makasi na vigingi, lakini ndani ya udongo nguvu yake inaishia kwenye takataka za mimea kabla haijamgusa mdudu, halafu chumvi yake inabaki kwa mizizi yako.

Kilichofanya kazi ni jua. Nailoni inayopitisha mwanga, SI NYEUSI. Nyeusi inajipasha yenyewe moto, ile ya kioo inapitisha jua hadi kwenye udongo na kulizuia lisitoke. Niling'oa kila kitu na mizizi yake, nikalima kwa jembe uma kina cha sentimita 30, nikavunja mabonge yote, nikasawazisha. Kisha nikamwagilia hadi chini. Unyevu ndio unaobeba joto, na kiumbe aliyelowa hufa kwa joto dogo kuliko aliyekauka. Nikatandaza nailoni iguse udongo bila mifuko ya hewa, kingo nikazizika kwenye mtaro, nikafunga kivungulio madirisha yote. Nilianza wiki ya kwanza ya Januari nikafungua katikati ya Februari, wiki sita. Huku kwetu hicho ndicho kipindi cha jua kali na mawingu machache, kabla mvua ya Machi haijakaribia. Juni au Julai ungekuwa unajidanganya.

Nje, udongo uliofunikwa hivi hufika nyuzi 42 hadi 55 kwenye sentimita 5 za juu, lakini ukishuka sentimita 45 ni 32 hadi 37 tu. Ndani ya kivungulio kilichofungwa joto hupanda zaidi ya hapo. Ila ona hizo namba mbili. Aliye chini sana hajafa. Ndiyo maana baada ya kufunua hulimi tena kwa kina. Unatoboa shimo la mche na kuondoka, usije ukapandisha juu udongo ambao haukuiva.

Nikapanda. Wiki ya saba, miche ikaanza kulala tena.

Nilikaa kwenye ndoo pale katikati nikashindwa kuinuka. Wiki sita za kungoja, miche mipya, na mke wangu akiniuliza karo itatoka wapi. Nikapiga glasi tena: uzi mweupe uleule. Lakini safari hii ugonjwa haukuanzia mlangoni. Ulianza kwenye matuta mawili tu, yale niliyoongeza samadi ya mwisho kutoka nyuma ya zizi. Na nyuma ya zizi ndiko nilikotupa ile miche iliyokufa msimu uliotangulia. Nilikuwa nimeurudisha ugonjwa kwa toroli, kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye udongo niliokuwa nimeusafisha.

Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Udongo uliopikwa ni nyumba tupu. Wale viumbe wengine waliokuwa wakimbana adui na kumlia chakula chake umewaua pia, au umewapunguza. Anayeingia wa kwanza anajitawala. Kama wa kwanza ni Ralstonia, atakukalia vibaya kuliko mwanzo.

Nilipika tena Januari iliyofuata, na siku ya kufunua nikatangulia kuweka watu wema: mboji iliyoiva kabisa, niliyoipindua mara nne na ambayo haikuwahi kuona jani la nyanya wala la kiazi, pamoja na trikoderma, ambao ni ukungu mwema. Mlangoni nikaweka beseni la jiki na maji, na gambuti za ndani ambazo hazitoki nje. Jembe la shamba la viazi haliingii. Mzunguko huo nyanya zangu zilisimama hadi kishada cha mwisho. Niling'oa miche sita tu, kila mmoja na udongo wake, ndani ya gunia.

Ulizeni.

NyanyaZaKibos

Asante sana ndugu. Hiyo ya kukaa kwenye ndoo nimeielewa kabisa, pole.

Mimi niko Kibos, Kisumu, na nina jambo la kuongeza. Udongo wetu wa huku uwanda wa Kano ni ule mweusi wa mfinyanzi, ukikauka unapasuka, ukilowa unakuvua kiatu. Jua tunalo mwaka mzima, tuko chini kuliko nyinyi wa Nakuru na joto ni la kutosha. Lakini wiki sita sina, nikikaa wiki sita bila kuuza nimekwisha. Kwa hiyo nilitumia njia ya kuukosesha udongo hewa.

Unachanganya kwenye udongo kitu ambacho bakteria wa kawaida wanakipenda, mimi nilitumia pumba za ngano, kilo moja hivi kwa kila mita ya mraba, na molasi, maana huku ukanda wa miwa molasi haitafutwi mbali. Molasi niliichanganya na maji hadi yakawa na rangi ya chai ya rangi, nikayamwaga yashuke ndani. Kisha maji mengi hadi udongo ushibe, nailoni juu, kingo zimefungwa kabisa. Bakteria wanakula ule utamu wanamaliza hewa yote, halafu wanaanza kutoa tindikali, na wadudu wa ugonjwa wanakufia humo. Wiki tatu kwa joto letu.

Siku ya kufunua ulinuka kama matapishi, nisiwafiche. Watoto walikimbia. Lakini ile harufu ndiyo dalili kwamba imeshika. Ukifunua na udongo unanuka udongo tu, jua kuna mahali hewa iliingia. Niliuacha wazi siku kumi, nikiugeuza juu juu, hadi harufu ikaisha ndipo nikapanda.

Swali langu: maji. Mimi navuta kutoka mtoni. Je, siyo yanayonirudishia?

MkulimaBahati

Dada, huo mchango wako una thamani kuliko nusu ya uzi wangu. Zamani nilidhani molasi ni ya ng'ombe tu.

Maji ya mto, ndiyo, yanaweza. Ralstonia anasafiri kwenye maji, na magugu ya jamii ya mnavu yanayoota kandokando ya mito humficha bila yenyewe kunyauka. Na hapohapo niseme: osuga, lisutsa, managu, kila mtu kwa jina lake. Ni mboga tamu na ni ndugu wa damu wa nyanya. Usiipande ukutani mwa kivungulio. Maji ukiweza vuna ya paa, au chimba kisima. Ukishindwa, yaweke kwenye tangi na uyatibu kwa klorini kabla ya dripu.

BoilaNaivasha

Nimefanya kazi kwenye mashamba ya maua huku Naivasha, kikosi cha mvuke. Wacha niwaeleze wenye nacho wanavyofanya, mtajua cha kuiga.

Zamani kulikuwa na gesi ya methili bromidi. Inaua kila kitu, na ni sumu kali kwa mtu. Iliwekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoharibu tabaka la ozoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2015 ziwe zimeacha kuitumia kwenye udongo. Mtu akija leo kukuuzia kopo kwa siri, mfukuze.

Mvuke ndio ulioshika nafasi. Udongo unalimwa ukawa laini, una unyevu lakini si tope, linatandazwa turubai zito linalostahimili joto, kingo zinalaliwa na minyororo au magunia ya mchanga, halafu boila inasukuma mvuke chini yake. Turubai linavimba kama mgongo wa kiboko, na unakaa hapo masaa kadhaa. Kipimo si saa, kipimo ni kipimajoto kilichochomekwa mahali pa baridi kuliko pote, chini kabisa na pembeni. Kikisoma nyuzi 82 unahesabu nusu saa. Ukweli ni kwamba ukungu mwingi na bakteria wengi wa mimea wanakufa kwa 60 ikidumu nusu saa. Hizo za juu ni za mbegu za magugu na vichwa vigumu.

Watu wanakosea kwa kuzidisha. Ukiupika udongo kupita kiasi, manganizi, madini yaliyomo kwenye udongo, inafunguka na kuwa sumu kwa mizizi. Na kama ulikuwa umetia samadi mbichi, amonia inajaa, kwa sababu baadhi ya bakteria wanaotengeneza amonia wananusurika, na wale wa kuigeuza kuwa nitreti, chakula cha mimea, wamekufa. Miche inaungua ncha za majani na mkulima anasema ugonjwa umerudi. SAMADI BAADA YA MVUKE, NA IWE IMEIVA.

Dada wa Kibos, mfinyanzi wako mvuke haupenyi vizuri. Uliyochagua ndiyo njia yako.

KijanaWaMolo

Mkuu, mimi niko Molo. Jua la kupika udongo huku ni ndoto, asubuhi tunawasha jiko. Na kila jirani ana viazi, kwa hiyo ugonjwa umetuzunguka. Boila sina. Nifanye nini na kivungulio changu kidogo?

MkulimaBahati

Kijana, usipike ardhi. Panda kwenye ndoo au mifuko, na upike udongo wa mifuko tu. Sisi wa Nakuru Mungu ametupa pamisi, yale mawe mepesi ya volkano. Yasage, changanya na mboji na udongo kidogo, tandika nailoni chini ili mizizi isiguse ardhi. Na udongo wa kitalu cha miche ndio usiouonea huruma hata mara moja, maana mche mmoja mgonjwa unasambaza kivungulio kizima.

Kupika kidogo ni hivi. Pipa la lita 200, maji kimo cha kiganja na nusu chini. Juu ya maji weka matofali, juu ya matofali wavu wa chuma, juu ya wavu gunia safi, halafu udongo wenye unyevu bila kuushindilia, ili mvuke upite. Funika kwa gunia lililolowa na bati. Sasa chukua kiazi kibichi, cha ukubwa wa yai, ukizike katikati kabisa. Washa kuni. Mvuke ukianza kutoka juu usishangilie, hapo pembeni ndipo kumeiva. Endelea, maji yasikauke. Kiazi kikiiva hadi kikivunjika kwa vidole, udongo umeiva. Uache upoe ndani ya pipa lililofunikwa, umwage juu ya nailoni safi. Ukiumwaga chini ulikotoa, umefanya kazi ya bure.

Mwalimu_Luanda

Mkulima wa Bahati, hongera kwa moyo wa kufundisha. Mimi ni mstaafu, niko Luanda, Vihiga. Enzi zetu tulifundishwa kutumia fomalini kwenye vitalu. Je, bado inafaa? Na kuna kijana ananiambia ninunue metamu.

MkulimaBahati

Shikamoo mwalimu. Fomalini naomba uiache, inasababisha saratani na mvuke wake unaingia mapafuni kabla hujajua. Ya metamu namwachia afisa wetu wa kilimo wa Rongai, nimemwona yuko mtandaoni.

BwanaShamba_Rongai

Shikamoo mwalimu.

Metamu sodiamu ikigusana na udongo wenye unyevu inageuka gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Lakini gesi ndani ya kivungulio kilichofungwa haichagui kati ya nematodi na mkulima. Kama hauna barakoa yenye kichujio cha gesi, glavu ndefu na mtu aliyefunzwa, usiiguse. Hakikisha pia kopo lina namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB.

Akishaitumia, mtu angoje wiki mbili hadi tatu, aufungue udongo upate hewa, halafu apime kwa mbegu. Jaza chupa ya mdomo mpana nusu kwa udongo uliotibiwa, chupa ya pili udongo ambao haukutibiwa, tandika pamba yenye maji juu, nyunyiza mbegu za saladi, funga kwa nguvu. Za chupa ya pili zikiota na za kwanza zikagoma, gesi bado imo.

Mwalimu, kwa eneo lako dogo mimi ningekushauri njia ya mabaki ya kabeji na haradali. Yanakatwakatwa yakiwa mabichi, yanafukiwa siku hiyohiyo, yanamwagiliwa na kufunikwa nailoni. Yakioza yanatoa kemikali za familia ileile ya gesi ya metamu, kwa nguvu ndogo zaidi. Peke yake haitamaliza Ralstonia, lakini ikishirikiana na jua inasaidia, hasa kwa nematodi na ukungu.

Na kwa wote mliokwishaona uzi mweupe kwenye glasi: fikirieni kuunganisha miche, yaani kuifunga nyanya ikue juu ya shina la mmea mwingine. Biringanya EG203, inayopendekezwa na World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, kama shina la chini, inastahimili mnyauko wa bakteria, minyoo ya fundo na hata maji yanayotuama. Dada wa Kibos, hilo la maji linakuhusu. Kiungo kikae juu ya udongo. Nyanya ikitoa mizizi yake hadi chini, ulinzi umekwisha.

NyanyaZaKibos

Huku mvua za Aprili maji yanatuama hadi ndani. Naomba uanzishe uzi wa kuunganisha miche, afisa. Nitakaa mstari wa mbele.

KijanaWaMolo

Nimerudi. Jana nimepika pipa la kwanza. Mvuke ulianza kutoka baada ya saa moja na robo, nikataka kuzima, nikakumbuka maneno yako. Nilichimba kiazi saa mbili na nusu tangu kuwasha. Nje kilikuwa kimeiva, katikati kigumu bado. Nikakirudisha na kuongeza kuni. Nusu saa baadaye kikavunjika chenyewe mkononi, na udongo ulikuwa unanukia kama baada ya mvua.

Pipa moja limenitosha mifuko kumi na miwili. Nahitaji sitini. Swali: nikianza kupanda hii kumi na miwili huku nikiendelea kupika, kuna ubaya?

MkulimaBahati

Hakuna ubaya wa kupika kwa awamu, ubaya uko kwenye mikono. Unaposhika udongo mbichi wa pipa linalofuata, usiende moja kwa moja kwenye mifuko iliyoiva. Upande mmoja wa uwanja uwe wa mbichi, upande wa pili wa iliyoiva, koleo mbili tofauti, na ile ya upande ulioiva ifunge utepe mwekundu hata mtoto aijue. Mifuko iliyojazwa ifunike. Na usipande leo. Ipe wiki mbili, changanya mboji iliyoiva, ndipo miche iingie.

Ukipika la pili weka viazi viwili, kimoja katikati na kimoja juu karibu na bati.